Uzinduzi wa Filamu Isiyo na Adui

Mheshimiwa sana Shangazi yangu, mwenye banda hili la video, mwenye ufunguo wake na mwenye kufuli lake. Waheshimiwa mliokaa kwenye mabenchi. Waheshimiwa mliokalia ndoo zilizopinduliwa. Na nyinyi Waheshimiwa mnaochungulia kwenye matundu ya bati ili msilipe kiingilio, ambao sura zenu hatuzifahamu ila macho yenu tunayajua vizuri: itifaki imezingatiwa! (Makofi. Benchi moja linavunjika.)

Nasimama mbele yenu kwa unyenyekevu mkubwa, unyenyekevu ambao hapa mtaani hakuna anayenifikia, nikiwa Mkurugenzi Mtendaji, Mratibu Mkuu na Mwenyekiti wa Maisha wa Kamati ya Filamu, cheo nilichojichagulia kwa kauli moja. Mnanijua. Shule niliiacha mapema ili wengine nao wapate nafasi ya kushika namba za juu. Ndimi ninayesimama kando ya skrini na kipaza sauti, nikiwatafsiria filamu kutoka lugha saba za kigeni ambazo, kutokana na changamoto za kiufundi, sijui hata moja. (Sauti: Juzi ulisema yule ni mkewe, kumbe daktari wa farasi!) Tutaunda tume, ndugu yangu. Kaa chini.

Mtakumbuka kwamba Shangazi alitamka kuwa banda limekosa watu, kila mtu anatazama filamu kwenye simu chini ya shuka, na kwamba atalijaza magunia ya chakula cha kuku. (Kelele: Aibu!) Hapo ndipo mimi, kwa upeo wangu, nikabuni stratejia. "Shangazi," nikamwambia, "nakuletea filamu yetu wenyewe, watu waje kujiona." Akanijibu, "Haya mwanangu. Isipoonekana siku ya uzinduzi, kesho yake magunia yanaingia, na mgongo wa kuyabebea ninao, ni wako." Sasa tazameni, banda limefurika kwa asilimia mia na arobaini! (Makofi. Shangazi hapigi.)

Filamu yenyewe inamhusu kinyozi mmoja aliyependa filamu mpaka akasahau kuishi kama watu. Nyumbani kwake anaingia kwa dirisha, mlango uko wazi. Mkewe anamwuliza, "Baba, mlango umekukosea nini?" Anajibu kwa sauti nzito, "Wananifuatilia." Mteja akiinama anyolewe, kinyozi anasubiri kwanza muziki wa hatari. (Kicheko. Kinyozi anainuka na kupunga mkono kama bwana harusi.) Naam, ni yeye mwenyewe, na hakuigiza, ndivyo alivyo.

Katika awamu ya implementesheni tulikuwa na kila kitu: simu ya Kinyozi ya kupigia picha, damu ya rangi ya mlango, na hotuba hii. Tukabakiza kumteua adui. Na nyinyi mmelelewa humu bandani, mnajua sheria: steringi hafi, adui anapigwa mpaka mwisho. Nikamwendea Muuza Mkaa. Akaniambia, "Wanangu watakuja kutazama. Wamwone baba yao anachapwa na kinyozi? Kesho nani ataniamkia?" Nikamwendea Fundi Viatu. "Mimi nife?" akasema. "Na nyinyi mtairudia kila wiki, basi nife kila wiki? Mke wangu atazoea." Shemeji yangu, fundi cherehani, alikubali kwa moyo mweupe, ila kwa sharti kwamba adui ndiye ashinde. Tukawa na masteringi watupu, wote wamevaa miwani ya jua ndani ya nyumba, wanagongana na meza. (Sauti: Na wewe Mwenyekiti, ulikataa kwa nini?) Mimi, ndugu mjumbe, nina sura ya steringi. Hilo halihitaji utafiti. (Kicheko kirefu mno, kinachomdhalilisha Mwenyekiti.)

Shangazi: Hotuba nimeisikia. Washa filamu.

Ninahitimisha, Mheshimiwa! Filamu ya banda! (Wananchi: Juu!) Mabenchi! (Juu zaidi!) Magunia! (Chini!) Nawashukuru kwa kuja kutazama kazi iliyokamilika kwa asilimia tisini na saba, na hizo tatu zilizobaki, ambazo mtaalamu yeyote atawaambia ni kidogo, ni kuipiga picha. Filamu haipo. Haijawahi kuwapo, hata sekunde moja. Skrini hiyo mnayoitazama nimeipangusa vumbi tu. (Ndoo zinaanza kupinduliwa upande wake wa kawaida.)

Muuza Mkaa: Tumekaa humu na joto hili kukusikiliza wewe?

Fundi Viatu: Mshikeni! Huyu ndiye adui hasa!

Ndugu wananchi, tujadiliane! (Kiatu kinapita juu ya kichwa cha Mwenyekiti. Masteringi wote wanavaa miwani yao. Kinyozi, aliyekuwa amekaa jirani na mlango, anatoka nje, anazunguka, na kurudi ndani kwa dirisha.) Sikatai! Basi, kwa mamlaka niliyojipa, najiteua kuwa adui, kuanzia sasa! Lakini nipigwe kwa utaratibu, jamani, usoni msiguse, uso huu ni rasilimali ya taifa! Shangazi, nipishe mlangoni!

(Shangazi anapiga komeo, anaiokota simu ya Kinyozi iliyoanguka dirishani, na kuielekeza kwa Mwenyekiti: "Hatoki mtu humu mpaka filamu iishe. Haya mwanangu, kimbia vizuri, nimeshaiwasha.")