Wakili Msomi na Kufuli la Fundi Cherehani

Jumatatu, 3 Machi
Gazeti linaandaa orodha ya mawakili vijana walioleta mabadiliko. Watachagua kumi. Umri usizidi miaka thelathini na tano, hapo nimefuzu. Inatakiwa pia kesi moja iliyobadilisha maisha ya mtu. Nimepekua majalada yangu yote. Nimeshuhudia sahihi nyingi. Kuna mzee mmoja nilimsahihishia jina kwenye hati ya kiwanja, lilikosewa herufi moja. Alishukuru. Maisha yake sidhani kama yalibadilika.

Kifungu naye anaomba. Huyu ni wakili mwenzangu, dada wa meza ya pili. Tunamwita hivyo kwa kuwa hutaja vifungu vya sheria kwa kichwa, kama mtu anayetaja majina ya shangazi zake. Mwaka jana aliwashindia wafanyakazi wa majumbani siku moja ya mapumziko kila wiki. Bahati tu.

Jumanne, 4 Machi
Kesi imeingia kwa miguu yake. Fundi cherehani, mama wa makamo. Mwenye nyumba amebadilisha kufuli la chumba chake cha kazi, eti cherehani zinawapigia kelele wapangaji wengine. Ndani kuna cherehani mbili na sare arobaini za wanafunzi. Shule zinafunguliwa Jumatatu.

Aliomba nimwandikie barua tu. Alisema mwenye nyumba si mtu mbaya, ana hasira za karibu. Nikamweleza kwa upole kwamba barua haijawahi kumwingiza mtu gazetini. Nikajirekebisha: haijawahi kumpatia mtu haki. Tunakwenda mahakamani. Aliniita mwanangu. Nimemwambia siku ya kesi aniite wakili msomi.

Jumatano, 5 Machi
Nimefungua shauri kwa hati ya dharura. Kurasa thelathini na moja. Ukurasa wa tano unaeleza historia ya ushonaji. Kesi itasikilizwa Ijumaa. Nimemwalika mwandishi anayeandaa ile orodha, naye amekubali kuja.

Mama yangu alipiga simu, nikamdokezea kwa siri. Kufikia saa nane mashangazi wote walikuwa wanajua. Mmoja ameuliza kama nitavaa miwani.

Alhamisi, 6 Machi
Pigo! Mwenye nyumba amepiga simu ofisini mwenyewe. Anasema alikasirika, sasa yamekwisha. Fundi aje achukue ufunguo, ila awe anamaliza kushona saa kumi na mbili jioni.

Hii ni hatari. Watu wakipatana, kesi inakufa. Nilimjibu kwa ukali kwamba jambo liko mahakamani na asiongee na mteja wangu. Mteja sikumwambia. Si uongo huo, hakuuliza.

Saa tisa akauliza. Nilisema mambo yanakwenda vizuri. Sauti yake ilikuwa chini. Wazazi wawili wamekwenda kudai vitambaa vyao. Nikamsihi avumilie siku moja.

Kifungu alikuwa anakunywa chai karibu na simu muda wote huo. Sikumtilia maanani.

Ijumaa, 7 Machi
Suti ya kijivu. Miwani. Mwandishi benchi la tatu, daftari mkononi. Nilianza vizuri. Nilikuwa nimefika ukurasa wa tano, kwenye sindano za mifupa, hakimu aliponikatiza.

"Wakili, mteja wako yuko wapi?"

Nikageuka. Kiti kitupu. Mwenye nyumba akainua mkono kama mwanafunzi.

"Mheshimiwa, yule mama yuko kazini anashona. Nilimfungulia jana jioni. Alikuja na wakili mmoja wa kike, tukaongea dakika kumi, yakaisha. Leo nimekuja kwa sababu niliitwa."

Hakimu aliniuliza kama nilijua kwamba huyu bwana alikuwa tayari kupatana. Nilisema hilo ningelifikia ukurasa wa ishirini. Watu wakacheka. Shauri limeondolewa. Mwandishi alinifuata hadi ngazini na swali moja tu: chumba cha fundi kiko mtaa gani?

Jumatatu, 10 Machi
Mzee, mwenye ofisi yetu, ameniita. Hakupandisha sauti. Ingekuwa afadhali angepandisha.

"Yule mama alitaka ufunguo," alisema. "Wewe ulitaka hadhira. Nenda kamwombe radhi."

Nilikwenda. Sare zilikuwa zimebaki tatu, anazipiga pasi. Nilikuwa nimeandaa maelezo yenye sehemu nne. Alinisikiliza hadi sehemu ya pili, kisha akaweka pasi chini.

"Ungeniambia tu, mwanangu. Alhamisi nzima nilikaa pale mlangoni kwenye ndoo, natazama kufuli."

Nikashika kola ya shati moja na kusifu mshono wake. Akanishukuru. Njiani kurudi kifua kilinibana. Huenda ni tai.

Ijumaa, 14 Machi
Orodha imetoka. Kifungu ni wa nne. Amepigwa picha na fundi na mwenye nyumba, wote watatu wanacheka. Mimi simo, hata kwenye ukurasa wa makosa ya uchapaji.

Ameleta keki ofisini. Nilikula vipande viwili bila kuonyesha furaha. Aliniambia, bila kejeli, kwamba niwe nakaa naye siku za Jumanne anaposikiliza wateja, nitaona watu wanachotaka. Nilimshukuru. Ni mtu mwema, jambo linalonisumbua.

Nimetafakari kwa kina na kosa langu nimeliona: nilichukua kesi ya watu wepesi wa kusameheana. Mchana huu amekuja fundi saa, amegombana na kaka yake kuhusu meza ya kazi aliyoacha baba yao. Ugomvi wa damu! Gazeti gani litakataa? Tulipokuwa tunaandika maelezo, karani akachungulia na kusema kuna mtu amekaa nje kwenye benchi, anatoa machozi, anataka kumwomba mdogo wake msamaha.

Nimemtoa fundi saa kwa mlango wa nyuma.