Malalamiko Juu ya Barua Yangu Kufanywa Kiambatisho cha Nne

Nabuyonga, Mbale
14 Septemba 1998

Kwa Bwana Herbert Isabirye,
Katibu, Kamati ya Warsha za Intaneti na Jamii, Jinja

Bwana Katibu,

Salamu nyingi. Mimi ni Semei Masaba, sajini mstaafu wa magereza, yule mzee mliyemkalisha nyuma karibu na birika la chai. Kwa heshima zote naomba warsha zenu zipigwe marufuku, na sababu ninazo.

1. Mlipokuja Mbale kutualika, mlisema kwa intaneti barua inafika ng'ambo kwa dakika moja. Mimi nina mtoto huko, Conrad, alikwenda kusoma mwaka wa tisini na mbili. Alihama nyumba, na tangu hapo barua zangu zinarudi zimepigwa muhuri kwamba hajulikani. Mtoto wangu mimi, hajulikani. Basi nikaandika barua nyingine, nikavaa koti, nikaja Jinja. Hayo mengine ya intaneti na jamii niliwaachia ninyi wasomi.

2. Siku tatu kompyuta ilikaa mezani imefunikwa kitambaa cha kufuma, kama kochi la wageni. Nilipouliza itafunuliwa lini, Bibi Gorreti, mwezeshaji wenu, alinieleza kwa upole kwamba kwanza tuelewe athari zake kwa jamii. Nimelinda jela miaka ishirini na sita, sijaona mfungwa aliyelindwa namna ile.

3. Athari tulizielewa. Tuligawanywa vikundi, tukapewa kalamu nene, tukaandika kwenye makaratasi makubwa, tukayabandika ukutani, tukapiga makofi. Kikundi chetu kiliazimia jamii ihamasishwe. Vikundi vingine navyo viliazimia hivyo hivyo, tukapiga makofi tena.

4. Sasa hili ndilo lililonichoma. Barua yangu nilimkabidhi Bibi Gorreti aitume. Yeye akaipokea kama mchango wa jamii. Asubuhi ya pili naingia ukumbini, naikuta imetolewa nakala arobaini, kila mtu na yake. Bwana Katibu, ndani ya barua ile nilimwambia mwanangu kwamba nilikosea kumfokea siku ile ya kuondoka, na kwamba mama yake bado anamwekea sahani ya malewa, yale machipukizi ya mianzi anayoyapenda, kila Krismasi. Maneno hayo sijapata kumwambia hata mchungaji. Kikundi cha tatu kiliyajadili saa nzima, kikaamua kwamba mwandishi ana pengo la mawasiliano. Niliona aibu mpaka chai ikanishinda.

5. Kisha mkaichapa kwenye ripoti, Kiambatisho cha Nne, kwa mwandiko wangu mwenyewe, pamoja na ule mstari nilioufuta. Mkaisambaza ripoti kwenye vyuo vikuu vya dunia. Kwa hiyo leo maprofesa wa Ulaya wanaujua ugomvi wa nyumba yangu, asiyeujua ni yule mmoja niliyemwandikia.

Nadai basi warsha zifungwe, ripoti zote zikusanywe zichomwe moto, na ile kompyuta ipelekwe gereza lolote, itakaa salama.

Nisalimie wote: Bibi Gorreti, kikundi cha tatu bila kumwacha hata mmoja, na Twaibah wa jikoni, maana ni yeye peke yake aliyeniuliza kama Conrad ni mzima.

Ni mimi, niliyekwisha kuhamasishwa,
Sajini (mstaafu) Semei Masaba

N.B. Bwana Katibu, barua hii imelala mezani siku mbili, na leo imekuja bahasha kutoka ng'ambo. Ni Conrad. Anasema aliikuta ripoti yenu kwenye maktaba ya chuo chake, akafungua, akaona mwandiko wangu. Anauliza kama anaruhusiwa kurudi nyumbani Krismasi hii. Mama yake yuko jikoni, analia na kucheka. Ila mtoto huyu, pamoja na usomi wake wote, hakuandika anwani. Kwa hiyo hayo madai yangu yaacheni. Fanyeni warsha nyingine upesi, mwezi huu ikiwezekana, hata kitambaa msikifunue, na barua hii muichape iwe Kiambatisho cha Kwanza. Conrad, njoo.