Posa kwa Fankisheni ya Mshale

Jumatatu, 9 Juni 2025

Nimechoka ukapera. Valeria yuko tayari, ila kwao ndoa inasemwa na mjomba, na mjomba wake ni Mzee Nikolao wa Newala, mwalimu mstaafu, mkali. Desturi ni kutuma wazee. Wazee wangu maneno mengi. Nitamtumia ukurasa wa mtandao unaomwamkia kwa jina. Mujibu, tunayechangia naye ofisi hapa Mkomaindo, asiuone. Ataiga.

Nimeandika fankisheni ya mshale, kipande cha msimbo kinachopokea majina na kuyapanga kwenye sentensi; mshale ni alama inayofuata vigezo, yaani nafasi za majina. Kigezo kimoja, mzee, bila mabano. Ukurasa ukasema: Shikamoo Mzee Nikolao. Safi.

Jumanne, 10 Juni

Nimeongeza kigezo cha pili, mposaji, yaani mimi. Ukurasa mweupe pe. Asubuhi nzima mweupe pe. Mujibu kachungulia, akasema vigezo vikiwa viwili lazima mabano. Nikamwambia najua, nilikuwa nampima. Alipokwenda kunywa chai nikaweka: (mzee, mposaji) =>. Ukafunguka. Imeniuma.

Jumatano, 11 Juni

Mwenye shida ni mimi, kwa hiyo wakati wa kuiita fankisheni, yaani kuipa majina yenyewe, nimetanguliza jina langu. Nikautuma ukurasa kwa Mzee bila kuujaribu. Kujaribu ni woga.

Alhamisi, 12 Juni

Nimekwisha. Mzee kafungua simu mbele ya shemeji zake, akasoma kwa sauti: Shikamoo Humphrey. Mimi Mzee Nikolao naomba kumwoa Valeria.

Mpwa wake wa damu! Halafu ananiamkia mimi, mtoto wa juzi. Valeria kapiga simu analia. Mujibu anasema vigezo havijui nani mkubwa, vinajua foleni: jina la kwanza linakaa kwa mzee, la pili kwa mposaji, basi. Namchukia kwa sababu ni kweli.

Jumamosi, 14 Juni

Valeria kaniombea nafasi ya mwisho. Leo niende na mjomba wangu, nikaombe radhi kwa mdomo, na nisitume kitu chochote. Nikiharibu, nisahau ndoa. Mjomba kafika kutoka Chidya, kavaa koti, joto lote hili.

Lakini kwa mdomo nitababaika, najijua. Nimeandika ukurasa wa radhi: (mkosaji, mkosewa) =>. Mabano yapo, Mujibu hana la kusema. Safari hii wakati wa kuiita fankisheni nimetanguliza jina la Mzee, langu likafuata, kwa adabu. Nimeutuma sasa hivi, tukiwa tunatoka. Atakuwa ameshausoma tukifika.