Mkaguzi Ndani ya Nailoni

Jumatatu, 9 Februari
Mwalimu mkuu katangaza: Alhamisi anakuja mkaguzi kuona tunavyofundisha mabadiliko ya tabianchi. Nafasi ya makamu wa mkuu iko wazi. Hakusema mambo haya mawili yanahusiana, ila alinitazama. Au alitazama saa iliyo nyuma yangu. Mwalimu wa Kemia naye kajiweka sawa kitini. Tangu yeye na wanafunzi wake waweke pipa la kukinga maji ya mvua, anatembea kana kwamba ndiye aliyevumbua maji.

Jumanne, 10 Februari
Nimeanza mada na kidato cha pili. Binti wa dawati la nyuma, ambaye walimu tumempa jina Swali, kauliza kwa nini wajifunze jambo hili. Nikamjibu kwamba mkaguzi anakuja keshokutwa. Kauliza, na akishaondoka? Nikamwambia akae chini. Alikuwa amekaa.
Halafu wazo likanijia. Gesi zimeifunika dunia kama blanketi, joto linaingia, halitoki. Kwa nini nieleze wakati naweza kuonyesha? Nitalifunika darasa.

Jumatano, 11 Februari
Nimeazima nailoni kwa jirani yetu fundi ujenzi. Mke wangu, muuguzi, kauliza watu watapumuaje. Nikamwomba asiingilie taaluma yangu. Kauliza tena. Nikahamia sebuleni.
Jioni nimeziba madirisha yote sita. Mwalimu wa Kemia kapita, kasimama, katabasamu, kaenda zake. Wivu mtupu.

Alhamisi, 12 Februari
Mkaguzi kaja. Mzee mnene, suti ya sufu, tai imembana shingo. Nikamkalisha mbele, nikafunga mlango kwa ufunguo ili joto lisitoroke. Saa nne, nyuzi thelathini na moja. Saa nne na nusu, thelathini na nane. Wanafunzi wanaandika vipimo, jasho linadondokea daftari. Sijawahi kuwa na darasa makini hivi.
Mkaguzi akamuuliza Swali kwa nini wanajifunza haya. Akajibu: "Kwa sababu joto linalokuja tutakaa nalo sisi. Ninyi mtakuwa mmeshastaafu."
Mzee akaitikia kwa kichwa. Kichwa kikaendelea kushuka hadi kikatua mezani.
Nikatafuta ufunguo. Mfuko huu haumo, mfuko ule haumo. Swali hakunisubiri. Kawapanga wenzake: hawa wachane nailoni, hawa wamlegeze mzee tai, wawili wampepee kwa ramani ya dunia. Mmoja karuka dirishani kuleta maji. Kayachota kwenye pipa la Kemia. Kati ya mapipa yote ya dunia, akaliona lile.

Ijumaa, 13 Februari
Mkaguzi mzima. Ripoti yake inasema wanafunzi wanaelewa mabadiliko ya tabianchi na, zaidi ya hapo, wanajua la kufanya. Kuhusu mwalimu kaandika mstari mmoja. Mkuu kaikunja karatasi kabla sijamaliza kuusoma. Umakamu kapewa Mwalimu wa Kemia. Swali sasa anaongoza upandaji wa miti ya kivuli. Nimemsikia akiwaeleza kidato cha kwanza sababu zake. Hakumtaja mkaguzi hata mara moja.
Nimetafakari sana nilipokosea. Nimepajua. Ni ile suti ya sufu. Mtu hawezi kwenda kwenye somo la joto amevaa vile.
Mada ya Jumatatu ni mafuriko. Mlango wa darasa una kizingiti kirefu, na mpira wa zimamoto uko hapo hapo ukumbini. Mke wangu kauliza kama wanafunzi wanajua kuogelea. Nikamjibu kwamba hilo ni la mwalimu wa michezo.