Bundi wa Makena

Jumanne, 14 Oktoba
Mama Jotham ametuma tena picha ya Jotham na joho la chuo kwenye grupu ya kina mama wa kanisa. Ya nane! Mimi sina ya kutuma. Lakini binti yangu Makena anajitolea kuvisha bundi pete za miguuni ili ijulikane waendako, wale wanaovuka bahari kuja huku ughaibuni majani yakipukutika. Jumamosi mwalimu wake, Bwana Mohinder, anampima. Akipita, anapewa kibali cha kufanya peke yake. Miaka miwili ameingoja siku hiyo. Nami nimejiandikisha kwenda kutazama. Picha moja tu!

Alhamisi, 16 Oktoba
Makena amekubali, shingo upande. Masharti yake, kwa Kiingereza: nisipige kelele, nisiguse kitu, nisitume picha. Nikamwambia sawa, mama. Sikumwambia kwamba kwetu Meru, bundi akilia juu ya paa, nyanya alimtupia kijinga cha moto. Mzaliwa wa huku mtaani kwetu Kilburn ataelewa nini?

Jumamosi, 18 Oktoba
Treni, basi, tope. Baridi ya kung'oa meno. Nyavu tupu mpaka jua likazama, ndipo akanasa mmoja. Mmoja tu! Makena akamtoa polepole, kama anayemwogesha kichanga. Nikapiga picha. Yule ndege akageuza kichwa chote, akanikazia macho ya manjano. Mimi, si Mohinder! Mdomo ukafunguka wenyewe: Ashindwe! Mkoba nao ukaruka. Makena akashtuka, bundi akaponyoka, pete ikabaki topeni. Bwana Mohinder akasema kwa upole, labda mwaka ujao. Makena alikaa behewa jingine mpaka Kilburn. Nyumbani akajifungia chumbani.

Jumapili, 19 Oktoba
Lakini picha si ninayo? Nikaituma. Mama Jotham akauliza ni nani amekufa. Saa nane mchana kina mama tisa wako sebuleni wanamkemea pepo wa bundi, Mama Jotham amemshika Makena kichwa. Mtoto akachukua begi, akaenda kwa rafiki yake, mtaa wa Hounslow. Nikamfuata kwenye ngazi, nikamwambia hata chai hajanywa. Hakugeuka.

Jumatano, 22 Oktoba
Siku ya tatu. Hajajibu. Githeri yake, mahindi na maharagwe, nimeiweka kwenye friza. Kitanda nimekitandika upya, ingawa hakuna aliyekilalia. Bwana Mohinder nimempelekea sambusa arobaini, afikirie tena.
Nimeona tangazo: wanatafuta watu wa kuhesabu popo. Popo macho yake madogo. Nimetuandikisha sote wawili, na grupu nimeshaiambia Makena amepandishwa cheo. Picha wataiona Jumapili.