Kiti Kimoja cha Kwenda Aktiki

Umma wote wa Jumuiya, kuanzia Macquarie Fields hadi Westmead, ulitangaziwa rasmi kupitia kundi la WhatsApp kwamba Mheshimiwa Lazare Balagizi, Mwenyekiti wa Jumuiya ya Wazungumzaji wa Kiswahili wa Sydney Magharibi, amekubali kusafiri kwa ndege ndogo hadi kituo cha utafiti kilichoko Aktiki. Alikubali baada ya kujiomba mwenyewe kwa unyenyekevu mkubwa, na kujibembeleza mara mbili.

Tangazo lilitoka Agosti 2021, wakati ambapo mkazi wa Sydney hakuruhusiwa kwenda zaidi ya kilomita tano kutoka mlangoni kwake. Mheshimiwa hakuona tatizo. Kilomita tano zilikuwa za watu wa kawaida.

Chanzo cha safari kilikuwa kidogo mno, ndiyo maana Jumuiya ililazimika kukikuza. Falone, binti wa Mama Anésie, alikuwa Aktiki akipima unene wa barafu. Korona ilimkuta huko, mipaka ikafungwa, akabaki na barafu yake. Kituo kiliwahurumia watafiti, kikaahidi kwamba mwezi wa Aprili mwaka ujao kila mmoja ataletewa mtu mmoja wa familia. Falone akaandika maneno mawili tu: "Naomba mama."

Mama Anésie alikuwa mfanya usafi hospitalini, na kwa miaka mitatu alikuwa amemkumbatia mwanawe kwenye kioo cha simu. Alilia kwa furaha, akafua koti lake, kisha akafanya kosa ambalo mtu yeyote wa Jumuiya angelifanya. Alimwarifu Mwenyekiti.

"Félicitations, hongera, Mama Anésie," Mheshimiwa alimwambia mbele ya kikao kizima cha Zoom. "Lakini tuulizane. Mtoto ni wa nani?"

"Wangu, Papa Lazare. Nilimuzaa mimi mwenyewe, Bukavu, mvua ikinyesha."

"Non, non. Mtoto ni wa jamii. Na baba wa jamii ni nani?"

Kiprono, katibu, kijana wa Eldoret mwenye mwandiko mzuri na moyo mzito, akaagizwa aandike kwamba mama wa mtoto ameafiki kwa kauli moja.

Kazi ikaanza. Iliundwa Kamati ya Baridi, ambayo wajumbe wake walifanya mazoezi kila mmoja nyumbani kwake, kichwa ndani ya friza, kamera ikiwa wazi ili kuthibitisha akidi. Mheshimiwa mwenyewe aliongoza vikao akiwa amezamisha miguu ndani ya beseni la barafu. Aliposema, "Tuko imara," meno yake yalitoa maoni tofauti, lakini meno hayana haki ya kupiga kura.

Kikaagizwa pia kibao cha shaba, kizito kama mawe ya kusagia, cha kubandikwa ukutani kule kituoni. Maandishi yake aliyatunga Mheshimiwa mwenyewe: HAPA ALIFIKA MHESHIMIWA LAZARE BALAGIZI, MWENYEKITI WA KWANZA KUFIKA MAHALI HAPA.

Mtu pekee aliyeleta fujo ni Mama Bibiane, ambaye aliendesha duka la vyakula mtaani Granville na hakuwahi kujifunza kubonyeza kitufe cha kunyamazisha sauti.

"Miye niko na swali," alisema. "Kwa nini asiende mama yake? Wewe utamupikia mtoto nini kule? Hotuba?"

Mheshimiwa alitabasamu tabasamu la uongozi. Swali alilitarajia.

"Mama Bibiane, akina mama hamtaki kumtumia mtoto vifurushi?"

"Tunataka, bien sûr!"

"Voilà. Unga, dagaa, vitenge. Sasa mtazameni Mama Anésie. Mkono kama kijiti cha mshikaki. Atabeba nini? Naleta azimio: mjumbe halali wa Jumuiya ni yule atakayebeba vifurushi vyote, bila kuacha hata kimoja."

Azimio lilipita kwa kishindo, kwa sababu nani atapinga vifurushi? Mama Anésie alizima kamera yake. Usiku huo Mheshimiwa alilala usingizi wa mtu aliyefunga mlango na kukalia ufunguo.

Lokdauni ikaisha, mwaka ukageuka, vifurushi vikakusanywa. Mwezi wa Machi, Falone akapiga simu. Hakuwa ameshirikishwa tangu mwanzo, kwa kuwa yeye alikuwa mhusika.

"Papa Lazare, rubani anasema ndege ni ndogo sana. Kila kiti kina kilo mia moja. Mtu, nguo, mizigo, vyote pamoja. Unapimwa kama gunia."

"Mimi?"

"Kila mtu. Hata profesa wetu alipimwa. Alilia."

Mheshimiwa aliunda mara moja Kamati Ndogo ya Uzani. Baada ya majadiliano marefu, kamati hiyo iligundua jambo ambalo wanasayansi walikuwa wamelipuuza. Kiongozi ana uzito wa aina mbili, wa mwili na wa wadhifa, na ule wa wadhifa haupaswi kuhesabiwa na nchi za kigeni.

Upimaji ulifanyika hadharani, kwa uwazi kamili, ndani ya ghala moja la Granville ambako Dieudonné, mmoja wa wanajumuiya, aliendesha forklift ya kunyanyulia mizigo. Hapo palikuwa na mizani ya kupimia shehena. Watu walisimama kwa kuachiana nafasi, barakoa usoni, na Falone akawekwa kwenye simu juu ya pipa ili ashuhudie.

Mheshimiwa alipanda mizani kama mtu anayepanda jukwaani, amevaa makoti mawili, viatu vya theluji na kofia ya manyoya, kibao kikiwa kifuani. Vifurushi vikapangwa kumzunguka.

"Mia moja themanini na moja," Dieudonné akasoma.

"Katibu, toa uzito wa wadhifa."

Kiprono aliandika kidogo, akatazama mizani. "Nimeutoa, Mheshimiwa. Lakini mashine haijasikia."

"Basi punguzeni vifurushi kwa muda."

"Kwa muda gani?" Mama Bibiane akauliza. "Huo ni unga wangu!"

Vifurushi vyote vikashushwa. Mia moja thelathini na nne. Mheshimiwa aliona wazi kwamba mizani ile ilizoea shehena, haikuzoea viongozi. Akavua makoti. Akavua viatu. Akakipa kibao busu la kwaheri ya muda, akamkabidhi Dieudonné. Akavua shati, na jumuiya nzima ikageuka kutazama ukuta kwa heshima. Mwisho alisimama kwa singlendi na kaptula, na kwa kukata tamaa akavua hata barakoa.

"Mheshimiwa, sheria ya afya!" Kiprono alishtuka.

"Mia moja na tisa," alisema Dieudonné. "Pole, mzee."

"Papa Lazare," sauti ya Falone ikatoka kwenye pipa, "hata ungekuwa tisini, hivyo ulivyovaa usingefika hai."

"Nitafunga kula!" Mheshimiwa alitangaza. "Naunda Kamati ya—"

"Subiri kwanza," alisema Mama Bibiane. "Mama Anésie, panda."

"Mimi? Hapana, dada, wamesha—"

"Panda, nakuambia!"

Mama Anésie alipanda, koti lake lililofuliwa likiwa limefungwa hadi kidevuni. Mama Bibiane akaanza kumpangia vifurushi. Unga wa muhogo. Dagaa. Vitenge. Sufuria ya kusongea ugali, na mwiko wake. Kila kilichoshushwa kikapandishwa, mpaka mama wa watu akaonekana macho tu.

"Tisini na nane," akasema Dieudonné. Akasafisha koo. "Na vyote vimo."

Kwenye pipa alisikika mtu akivuta kamasi mbali sana, upande mwingine wa dunia.

"Mheshimiwa," Kiprono alisema, akifungua kumbukumbu za kikao kwa ule moyo wake mzito, ambao siku hiyo ulionekana umepungua kilo kadhaa, "kwa mujibu wa azimio lako, mjumbe halali ni yule atakayebeba vifurushi vyote, bila kuacha hata kimoja. Nisome tena?"

"Nimesikia," alisema Mheshimiwa.

"Nitasoma tena, ili iwe rasmi."

Mama Anésie aliondoka Aprili. Mheshimiwa alimsindikiza uwanjani, akasukuma toroli kwa niaba ya Jumuiya. Baada ya siku chache picha ikaingia kwenye kundi: kindege chekundu juu ya weupe usio na mwisho, na mbele yake wanawake wawili waliokumbatiana hata hujui nani ni nani, mwiko ukiwa umechomoza katikati.

Kibao, kwa kuwa kilikuwa kimekwisha kuchongwa, kilihitaji ukuta. Dieudonné alikikaza kwa skrubu nne pale ghalani, juu kabisa ya mizani. Kila neno lake ni kweli. Shehena yote inayoingia Granville hupita chini yake, hupimwa, na kwa kawaida huruhusiwa kuendelea na safari.