Balozi wa Nyumba Kumi wa Wexthwaite

Jumatatu, 6 Oktoba 2025. Grand Prairie.
Profesa wa historia katuokotesha vikaratasi vyenye majina ya mahali. Leonce wa mji jirani wa Cedar Hill, mtoto anayejiona, kapata London. Mimi Wexthwaite. Kitongoji cha Uingereza, watu arobaini, waliobaki kondoo. Alhamisi nieleze darasani, dakika kumi, kilivyotawaliwa tangu zamani. Leonce kaniuliza kama kondoo nao wanapiga kura. Shangazi Theodora kasema nikifeli tena ananihamishia mji wa Katy kwa mjomba Gelasius, anayesali saa kumi alfajiri kwa spika. Sitaki Katy.

Jumanne, 7 Oktoba.
Nimesoma. Kitongoji kilikuwa chini ya parokia. Kikakusanya kodi yake ya kutunza maskini. Kikapandishwa cheo, kikawa parokia ya kiserikali. Baadaye parokia jirani ikakimeza. Basi. Dakika kumi nazijaza na nini? Nikawaza nyumbani Bukoba. Bila balozi wa nyumba kumi, nani anaamua kesi ya mbuzi aliyekula migomba ya mtu? Lazima Wexthwaite walikuwa naye, vitabu vimemsahau tu. Nimemrudisha. Jina, Bwana Sheldon. Nimempa na mhuri.

Jumatano, 8 Oktoba.
Akili kubwa. Nimemwandikia karani wa baraza linalosimamia Wexthwaite leo, aje kutusalimia darasani kwa Zoom. Kakubali, mama wa watu, kafurahi mpaka huruma. Leonce ana picha ya saa kubwa. Mimi nina serikali hai.

Alhamisi, 9 Oktoba.
Nilisimama kama waziri. Balozi Sheldon akasuluhisha, akatoa barua za utambulisho, akafukuza wezi wa kuku. Ndipo mama karani, ukutani pale, akaomba kusema. Kwa upole kabisa. Kwamba ana miaka mingi kazini na huyo balozi hajawahi kumsikia, ila wangempata wangeshukuru, kuna majirani wawili wanagombania ua wa mpakani. Profesa akauliza nimemtoa wapi. Nikasema mila. Leonce akasema, aisee Deo, umewatawala Waingereza bila hata meli. Sifuri. Shangazi kusikia, kaenda kujaza gari mafuta.

Jumanne, 20 Januari 2026. Katy.
Spika ya mjomba ni mpya. Chuo nacho kipya, na profesa wa huku kanipa kijiji cha Uskochi. Safari hii sina mchezo, nimeshajua nilipokosea. Karani simwaliki. Balozi wao nimempa pikipiki.